Gari la Mzee Kombo Lilivuta Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ncha ya uzi nikaambiwa nishike. Nikashika. Fundi Mbaraka alishika ncha ya pili, akafumba jicho moja, akatazama, akaguna, akaifunga ncha yake kwenye kigingi na kuondoka kwenda kunywa kahawa. Hakuniambia niache, na mimi nilikuwa mgeni, kwa hiyo niliendelea kushika mpaka aliporudi.

"Bado umeshika?" aliniuliza.

"Ndiyo, fundi."

"Basi kazi hii utaiweza."

Mpaka leo sijajua kama alinisifu au alinicheka.

Nawaandikia ninyi vijana mnaotengeneza magari hapa Lindi, mnaopita kwangu jioni kuniuliza mambo yalikuwaje zama za Mjerumani. Siwezi kuwaeleza habari za vyeo, kwa sababu uani kwa Fundi Mbaraka vyeo vilikuwa viwili tu: yeye na mimi. Habari za mshahara pia tuziache, mbavu zenu zisije zikaumia kwa kicheko. Nitaeleza kazi yenyewe, na siku moja ambayo kazi hiyo iligeuka ikawa suala la roho ya mtu.

Mimi ni Mmwera, mzaliwa wa Rutamba. Niliteremka Kilwa Kivinje nikiwa kijana, nikitafuta kazi yoyote isiyohusu jembe. Fundi Mbaraka alikuwa mtu wa Kivinje wa asili, seremala wa milango na vitanda. Magari ya kuvuta kwa mkono na ya punda yalipozidi pale forodhani, yakaanza pia kuharibika, na watu wakamletea yeye kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Karakana yetu ilikuwa uani kwake, kati ya jiko la mkewe na banda la kuku. Watu wa mji walinicheka kwa kusema "gali" badala ya "gari". Fundi hakunicheka. Alisema gurudumu halisikii matamshi.

Gari likivuta upande mmoja, watu husema lina ukaidi. Wengine humwita mganga alifukizie ubani. Fundi alisema gari halina akili ya kukaidi: magurudumu yake hayatazami njia moja, basi. Dawa yake ilikuwa uzi. Tulitafuta kwanza mahali palipo sawa, tukaliweka gari pale, tukapigilia vigingi mbele na nyuma yake, kisha tukavuta uzi kila upande, nyuzi mbili zilizo sambamba. Hapo unachukua kijiti na kupima kutoka kwenye uzi mpaka ukingo wa gurudumu upande wa mbele, kisha upande wa nyuma. Vipimo vikilingana, gurudumu linatazama njia. Visipolingana, ugonjwa umeuona kwa macho. Tatizo kubwa la kazi hii halikuwa kupima, lilikuwa kuku. Kuku hawezi kuuona uzi asiuparamie, na ukishaguswa unaanza upya. Ninyi mnaofanya kazi hii majumbani kwenu, fungeni kuku kwanza.

Sasa nije kwa Mzee Kombo.

Mzee Kombo alikuwa muuza maji. Alikuwa na gari dogo la magurudumu manne, limebeba pipa la mbao, na mbele lina mkono mrefu wa kuvutia. Kila asubuhi alijaza pipa kisimani akapita mitaani akinadi, "Maji! Maji baridi! Maji!" Mwili wake ulikuwa mdogo, sauti ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. Na gari lake lilivuta kushoto. Mji mzima ulijua. Wauza kahawa wa upande wa kushoto wa njia walikuwa wakiinua mabirika yao kila walipoisikia ile sauti inakaribia.

Fundi alimsihi mara nyingi alilete tulinyooshe.

"Likilala kwako, watu watakunywa nini?" Mzee Kombo alijibu. "Tena nimelizoea. Lenyewe linavuta kushoto, mimi navuta kulia, tunapatana katikati."

Mkewe, Bi Zuhura, alikuwa na maoni tofauti, kwa sababu yeye ndiye aliyemkanda bega kila jioni.

Ndipo zikaja habari kutoka milima ya Umatumbi. Watu walikuwa wameng'oa pamba ya Mjerumani. Walikuwa wamekunywa maji ya dawa, na ilisemwa kwamba aliyeyanywa hapigwi na risasi, risasi zinageuka maji. Kivinje ilijaa askari wageni, watu wa mbali ambao hawakumjua mtu na hawakujulikana na mtu. Walikuwa na hofu, na mtu mwenye bunduki akiwa na hofu ni heri umkute simba. Mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa bara, kwa hiyo Fundi alinikataza kupita mbele ya boma. Huko bomani watu walikuwa wakinyongwa, na wengine hatukujua walikosa nini.

Mzee Kombo hakukatazwa na mtu. Kisima kilikuwa kilekile na wateja walewale. Asubuhi moja alipita njia kubwa iliyo mbele ya boma, pipa limejaa. Lango la boma lilikuwa kushoto. Askari wa zamu, mgeni, akaona mzee anamjia na pipa, akipaza sauti, "Maji! Maji!" Akamwamuru asimame. Mzee Kombo alisimama, lakini pale pana mteremko, na gari halikusimama. Likaendelea kushoto, likamvuta na yeye, mpaka likagonga nguzo ya lango.

Wakamkamata. Pipa hakuna askari aliyethubutu kuligusa, wala kulimwaga, maana hawakujua maji yale yangemfanya nini atakayelowa. Mwishowe aliitwa Bi Zuhura aje aliondoe gari langoni, akalivuta mwenyewe mpaka uani kwetu, akilia njia nzima na kukosakosa kuta za upande wa kushoto.

"Fundi," alisema akijifuta kwa ncha ya kanga, "linyooshe. Akitoka, inshallah, alikute limenyooka. Nisimwone tena akivutwa kama ng'ombe."

Hatukuwa na namna nyingine ya kumsaidia yule mzee, kwa hiyo tuliifanya ile kazi kwa moyo wote. Tukavuta nyuzi, tukapima. Magurudumu ya mbele yalikuwa mazima. Ugonjwa ulikuwa nyuma. Kile chuma kinachounganisha magurudumu mawili, ambacho ninyi mnakiita ekseli, kilikaa juu ya vitako viwili vya mbao, na kitako cha kulia kilikuwa kimelika. Pipa likiwa na uzito, chuma kilirudi nyuma upande ule, mkia wa gari ukaenda kulia na uso ukaelekea kushoto. Fundi alichonga kitako kipya cha mpingo, nikakisugua, tukakipachika. Tukalisukuma uani likiwa limejaa. Lilikwenda kama limechorewa mstari. Kile kitako kibovu mke wa Fundi alikitia jikoni, tukapikia chai. Tuliinywa kwa furaha.

Kesho yake alasiri Bi Zuhura alikuja akikimbia, na Bi Zuhura hakuwa mtu wa kukimbia.

"Mmeshalinyoosha?"

"Limekuwa zuri ajabu," nilisema. "Njoo ulione."

Akakaa chini palepale mchangani. Alikuwa ametoka kumpelekea mumewe chakula. Mzee Kombo alikuwa amemwambia kwa furaha, kupitia dirishani, kwamba Mzungu wa boma alimuuliza kwa nini alilielekeza gari langoni. Naye akajibu ukweli, kwamba hakulielekeza, lilivuta lenyewe. Mzungu akasema vyema, kesho asubuhi gari liletwe, tutaliona. "Mungu mkubwa," Mzee Kombo alimwambia mkewe. "Gari lenyewe litanitolea ushahidi."

Tulitazamana. Kuku walikuwa wakipita chini ya lile gari lililonyooka.

"Twende tukawaambie kwamba sisi ndio tuliolinyoosha," nilisema.

"Nani atatuamini?" alisema Fundi. "Watasema tumepanga maneno. Na wewe ukifungua mdomo tu, watakuuliza kwenu wapi."

"Basi tulipinde tena."

Fundi alikuwa mtu wa msikiti, hakusema uongo hata kwa mteja. Alizungusha patasi mkononi. Bi Zuhura hakumngojea.

"Fundi, mume wangu amesema kweli au amesema uongo?"

"Amesema kweli."

"Basi nirudishieni gari alilolisema."

Fundi akainuka.

Sikilizeni, vijana. Kunyoosha kilichopinda ni kazi mnayoijua. Kupinda kilichonyooka, kwa kipimo kilekile kilichokuwapo, siwatakii. Tukilipinda kidogo, litakwenda sawa na mzee atanyongwa. Tukilizidisha, litazunguka kama pia, na hata mtoto atajua limechezewa. Na kile kitako kibovu, ambacho kingetuonyesha kipimo, tulikuwa tumekinywa na chai.

Aliyetuokoa ni yule Bi Zuhura, maana ndiye aliyesema, "Alama zake hazipo kisimani?"

Pale kisimani, Mzee Kombo alipokuwa akijaza pipa, maji yalimwagika kila siku na udongo ukawa tope. Upande mmoja tope lilikuwa limekauka likawa gumu kama tofali, na ndani yake kulikuwa na njia za magurudumu yake. Tulilivuta gari mpaka pale. Gari lililonyooka, magurudumu ya nyuma hufuata njia ya yale ya mbele. La Mzee Kombo lilikuwa limeacha njia nne, za nyuma zimekaa pembeni ya zile za mbele. Fundi alipima nafasi iliyokuwa kati ya njia hizo kwa vidole, akachonga kitako kipya cha mti laini, akakipunguza kwa tupa upande mmoja, tukakipachika, tukajaza pipa, tukalisukuma juu ya alama. Halikuingia. Akakipunguza tena. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye tope kavu, nikichungulia gurudumu la nyuma, nikisema "bado, bado, bado," na wanawake waliokuja kuteka maji wametuzunguka na ndoo zao wakitoa ushauri. Jua likiwa bado juu ya minazi, magurudumu yote manne yaliingia katika njia zake za zamani kama mguu kwenye kiatu chake. Wale wanawake walipiga vigelegele. Fundi aliwaomba wasipige, kwa sababu kisima hakikuwa mbali na boma.

Asubuhi tulilipeleka, pipa tupu, kama askari aliyekuja kutuita alivyotuamuru. Mzungu alikuwa amekaa kibarazani na mkalimani pembeni yake. Mzee Kombo aliletwa. Alikuwa amekonda, lakini alipoliona gari lake alitabasamu, hata nikashindwa kumtazama.

Mkono wa kuvutia ulifungwa kwa kamba usigeuke. Askari wawili wakalisukuma uwanjani wakaliachia.

Likaenda moja kwa moja.

Nilisikia Bi Zuhura akivuta pumzi. Hapo ndipo nilipolitambua kosa, pipa lilikuwa tupu na chuma hakikurudi nyuma, lakini ningefungua mdomo wangeniuliza kwetu wapi. Mzee Kombo aliendelea kutabasamu, kwa sababu hakuwa ameelewa.

Mzungu aliinuka. Akashuka ngazi, akalizunguka gari, akainama, akaangalia chini. Baadaye mkalimani alituambia kwamba huko kwao baba yake alikuwa mkulima, naye alikulia juu ya magari ya nyasi. Akaligonga pipa kwa kidole, likalia tupu. Akasema maneno.

"Bwana mkubwa anauliza," mkalimani akatafsiri, "siku ile pipa lilikuwa hivi?"

"Hapana, bwana. Lilikuwa limejaa."

"Limejaa nini?"

Mzee Kombo alifungua kinywa. Akawatazama askari, akaitazama mitutu yao, akakifunga. Akanitazama mimi. Akamtazama mkewe.

"Limejaa nini?" mkalimani alirudia.

"Limejaa... ile ya kisimani, bwana," alisema Mzee Kombo. "Ile inayonywewa."

Mkalimani alishindwa kujizuia. Alicheka, akamtafsiria Mzungu, na Mzungu akatoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Akaamuru pipa lijazwe. Askari walileta ndoo, wakimimina huku wamejitenga kwa urefu wa mkono. Wakalisukuma.

Lilikwenda mbele kidogo kama linawaza. Kisha likageuza uso kushoto, taratibu, kwa heshima, likaongeza mwendo, likapita karibu na mlingoti wa bendera, likaingia moja kwa moja kwenye mafiga ya askari na kukitupa chini chungu cha kunde.

Hapo hata askari walicheka, isipokuwa mpishi. Mzungu alisema maneno mafupi, na mkalimani akatafsiri: mzee aende zake, gari linyooshwe leo hii, na tangu sasa asinadi kwa sauti. Mzee Kombo aliinama kushukuru. Tulipokuwa tukitoka niligeuka nyuma. Kwenye dirisha la mahabusu kulikuwa na nyuso zilizokuwa zimetazama yote. Wale hawakuwa na gari la kuwatolea ushahidi. Baadhi yao sikuwaona tena, na siku zile nikisikia watu wakisimulia kisa hiki kwa kicheko, nami nikicheka nao, nyuso zile hazikuniacha.

Tulilinyoosha tena jioni ileile. Baada ya siku kadhaa Mzee Kombo akaja kulalamika.

"Mwanangu, mmelifanyaje gari? Sasa linavuta kulia."

Tukalipima. Lilikuwa limenyooka sawasawa. Ila bega lake lilikuwa limezoea kuvuta kulia miaka yote, na bado lilikuwa likivuta. Wauza kahawa wa upande wa kulia, ambao hawakuwahi kuhangaika, walianza kuinua mabirika. Alichukua muda mrefu kujifunza kwenda na gari lisilompinga. Bi Zuhura alisema amekuwa mpole hata nyumbani, lakini hilo sikulithibitisha.

Vita ilipokwisha njaa ilikuja, na nilikwenda Rutamba kuwatafuta wa kwetu. Mama nilimkuta hai. Sitaandika zaidi ya hapo. Nilimchukua tukahamia Lindi, nikaoa, nikafungua karakana yangu uani, na Fundi Mbaraka alikuja kunitembelea mara moja kwa njia ya Kiswere, akakagua vigingi vyangu, akakuta kimoja kimelala, akakisimamisha. Nilifurahi kuliko kama angenisifu. Alifariki Kivinje, Mungu amrehemu, na watu walinisimulia kwamba jeneza lake alilichonga mwenyewe, kwa kuwa hakuwa na imani na la mtu mwingine.

Kazi yangu kubwa ya mwisho ilikuwa motokaa. Mzungu mmoja mwenye shamba la mkonge aliiagiza kwao, ikaja kwa meli, ikateremshwa Lindi mji mzima ukitazama. Dereva wake alikuwa Hamisi, kijana wa hapahapa, mcheshi, aliyevaa kofia hata ndani ya nyumba. Siku moja aligonga kisiki, na tangu hapo motokaa ikawa inavuta. Bwana wake alikuwa safarini. Hamisi akaileta kwangu ikipita kwa shida kwenye uchochoro.

"Shikamoo, fundi. Utaiweza?"

"Marahaba. Ina magurudumu?"

"Manne."

"Basi iingize. Mke wangu, funga kuku."

Nilivuta nyuzi zilezile. Kilichokuwa kigeni ni ile fimbo ya chuma inayounganisha magurudumu ya mbele, mnayoiita tairodi. Ilikuwa imepinda. Tuliifungua, ikatutaabisha kwa kutu mpaka tulipoipaka mafuta ya nazi na kuipasha moto, nikainyoosha juu ya reli kuukuu, tukairudisha. Kisha nikajifunza jambo jipya kwa kujaribu na kukosea: magurudumu ya mbele ya motokaa hayataki kuwa sambamba kabisa. Mbele yanataka kukaribiana zaidi kidogo kuliko nyuma, kama mtu anayesimama vidole vya miguu vikitazamana. Ukiyaacha sambamba, yanatangatanga. Hili ninyi mmelikuta limeshajulikana. Mimi nililikuta kwa kupanda na kushuka uani mpaka magoti yakakataa, na ndiyo maana leo magoti yangu yamestaafu kabla yangu.

Ilipokuwa tayari Hamisi alisema, "Panda, fundi, tukaijaribu."

Sikuwahi kupanda motokaa. Nilikaa pembeni yake, nikashika kila kilichoshikika. Tulitoka mjini, tukashika njia ya kwenda Mingoyo, upepo ukinivua kofia. Njia ilipokuwa nyeupe na imenyooka mbele yetu, Hamisi aliongeza mwendo. Kisha akaachia usukani, akakunja mikono kifuani.

"Shika!" nilipiga kelele.

"Tazama inavyokwenda, fundi! Haigeuki hata kidogo!"

"Shika usukani, wewe!"

"Si umeinyoosha mwenyewe?" Alikuwa akicheka mpaka machozi. "Huiamini kazi yako?"

"Motokaa nimeinyoosha mimi," nilisema. "Njia hii amekunyooshea nani?"

Hamisi akatazama mbele, akaacha kucheka, akashika.